Kufufua CitiCar SV-48: shajara ya mradi

Gari na lengo

CitiCar ni gari la umeme la watu wawili lililotengenezwa Sebring, Florida, kati ya 1974 na 1977. Kampuni iliitwa Sebring-Vanguard, mwanzilishi wake Bob Beaumont, na kilichowafungulia soko ni vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973, Wamarekani walipoanza kupanga foleni kwenye vituo vya petroli. Zilitoka CitiCar zipatazo 2,300. Ukijumlisha na Comuta-Car na Comuta-Van, zilizofuata baada ya mradi kuchukuliwa na Commuter Vehicles, idadi inavuka 4,000. Tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia hapakuwa na gari la umeme la Kimarekani lililotoka kwa wingi kuliko hilo, na hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Letu ni SV-48 ya 1976. Lina mota ya General Electric ya nguvu za farasi 3.5, betri nane za volti 6 chini ya kiti, na urefu wa kama mita 2.4. Giaboksi halina: mota imefungwa moja kwa moja kwenye difu (gia za ekseli) ya nyuma. Spidi yake ya juu ni kama kilomita 61 kwa saa. Toleo la awali, SV-36, lilikuwa na volti 36 na mota ya farasi 2.5.

Lengo ni kulirudisha barabarani likiwa na mfumo wake wa asili, yaani kontakta (swichi kubwa zinazofungwa kwa umeme) na betri za maji (za risasi na tindikali). Msimamo wetu tangu mwanzo: kwenye CitiCar maungio ya nyaya huja kwanza, betri huja mwisho. Wengi hufanya kinyume. Hununua betri nane mpya, gari likachangamka kwa muda, kisha likarudia uzito uleule wa mwendo, na lawama zikaangukia betri.

Sababu iko kwenye hesabu. Gari hili likienda kwa mwendo wa kawaida hula kama kilowati 3.6. Kwa volti 48 hizo ni ampea 75. Gari la kisasa la volti 350 lingechukua ampea kama 10 kwa nguvu hiyohiyo. Joto kwenye kiungo hupanda kwa mraba wa ampea, kwa hiyo kiungo kibovu cha aina moja hutoa hapa joto zaidi ya mara 50. Na wakati wa kuondoka au kupanda kilima ampea hupita 200 bila shida.

Machi: kupima kabla ya kununua chochote

Betri kuukuu zimetolewa. Zilikuwa zimekauka na sahani zimepinda, hazina la kuokoa. Boksi la betri limeoshwa kwa magadi soda, vijiko vikubwa vitatu kwa lita moja ya maji, kurudia mpaka povu liishe. Usisimame povu la kwanza likipungua: tindikali hujificha chini ya vibanio na kwenye matundu ya bolti. Fremu ya gari hili ni ya mabomba ya alumini, na tindikali ikikaa juu ya alumini hutoa unga mweupe na kuila taratibu kutoka ndani ya maungio.

Kabla ya kutoa betri hizo tulikuwa tumepima kila waya mkubwa. Njia ni hii: betri moja nzima ya volti 12, kipima betri cha mzigo chenye uwezo wa kuvuta ampea 100, na multimita kwenye milivolti. Pitisha ampea 100 kwenye waya, gusa ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya betri yenyewe na ya pili kwenye shingo ya lagi (kichwa cha shaba kinachobanwa mwishoni mwa waya), soma. Halafu shingo ya lagi hadi kwenye shaba ya waya, soma tena. Kwa ampea 100, kila milivolti 10 ni omu 0.0001, na hesabu ya joto unaifanya kichwani. Fanya haraka, sekunde tano hadi kumi kwa kila kipimo, la sivyo betri na kipima vyote vitachemka.

Kiungo kizima husoma milivolti 3 hadi 5. Tukikuta zaidi ya 20 tunakifungua. Viungo kadhaa vilipita 100, na kimoja cha katikati ya mafungu mawili ya betri (nne kila fungu) kilisoma 180. Kwa ampea 75 hicho peke yake ni wati 10 hivi, na kwa ampea 200 ni wati 72 kwenye kipande cha risasi kisichozidi kidole gumba. Sababu ilionekana mara tu nati ilipolegezwa: washa ya chuma ilikuwa imewekwa kati ya lagi na nguzo. Washa hukaa juu ya lagi, chini ya nati. Lagi lazima iguse risasi ya nguzo uso kwa uso, pasiwe na kitu katikati.

Aprili: nyaya na lagi

Nyaya zote kubwa zinabadilishwa. Ukichuna ganda la waya wa zamani unakuta shaba nyeusi, na weusi huo umepanda sentimita 15 au zaidi kutoka kwenye lagi. Tindikali hunyonywa na nyuzi za shaba kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Shaba nyeusi haibaniki vizuri hata uisugue vipi. Kuikata na kuweka lagi mpya kunasaidia tu kama waya ni mrefu wa kutosha kufikia shaba inayong'aa.

Tumechagua waya laini wa milimita za mraba 50. Waya wa 35 ungetosha kwa joto, lakini tofauti ya volti inaonekana. Mzunguko mzima una kama mita 7 za waya: kwa 35 ni omu 0.0034, kwa 50 ni omu 0.0024. Kwa ampea 200 unaokoa kama volti 0.2 hadi kwenye mota. Ni kidogo, lakini ni bure baada ya kununuliwa mara moja.

Lagi ni za shaba iliyopakwa bati, zimebanwa kwa mashine ya haidroliki yenye taya za pembe sita. Hatutumii risasi ya kuchomelea. Huingia kati ya nyuzi, hufanya waya uwe mgumu pale unapotoka kwenye lagi, na mtetemo wa gari lenye springi ngumu kama hizi utaukatia papo hapo. Baada ya kubana, mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, kuanzia shingo ya lagi hadi sentimita 4 juu ya ganda. Gundi ndiyo inayozuia tindikali. Mpira usio na gundi hufunika tu uozo.

Kwenye waya mkuu wa kwenda kwenye mota tumeongeza fyuzi ya ampea 300 ya mkondo wa moja kwa moja (DC), na swichi kubwa ya kukata kwa mkono inayofikika ukiwa umekaa kwenye kiti. Fyuzi iwe imeandikwa volti za DC. Cheche ya DC haizimiki yenyewe kama ya umeme wa nyumbani, ambao hupita sifuri mara mia kwa sekunde au zaidi. Fyuzi isiyofaa itaungua kisha iendelee kupitisha umeme kwa cheche.

Mei: kontakta, rezista na pedali

Hapa ndipo gari hili lina akili zake zote, na ni hatua tatu tu. Pedali ikikanyagwa kidogo, mota inapata volti 24 kupitia rezista (kizuizi kinachopunguza mkondo). Ikishuka zaidi, volti 24 bila rezista. Ikifika chini, mafungu mawili ya betri yanaunganishwa kwa mfululizo na mota inapata 48. Hakuna elektroniki ya kusaga umeme vipande vipande. Kila hatua ni kontakta inayofunga kwa mshindo unaosikika kitini.

Hatua ya kwanza ni ya kuondokea, basi. Chukua rezista ya omu 0.1: ampea 100 zikipita hutoa wati 1,000 za joto, sawa na hita ya chumba. Dereva anayetambaa kwenye foleni na mguu nusu anapika rezista na kila kilicho jirani nayo. Tumekuta ganda la waya mdogo uliopita karibu limeyeyuka kabisa, na hilo ni jeraha la kawaida. Nyaya zote ndogo zimehamishwa, na vishikio vya kauri vya rezista vimesafishwa. Viwili vilivyopasuka vimebadilishwa.

Midomo ya kontakta imepakwa fedha. Weusi juu yake usikutishe, fedha iliyochafuka bado inapitisha umeme. Piga tupa laini pale tu palipo na nundu au shimo la kuungua, na usitafute mng'ao, maana unakula fedha ambayo hairudi. Zilizochimbika hadi shaba kuonekana tumezibadilisha. Kontakta inayoganda ndiyo hatari kuu ya mfumo huu: midomo ikishikana kwa joto, mota inaendelea kuvuta hata mguu ukitoka kwenye pedali, na breki pekee hazitoshi kubishana nayo kwa muda mrefu. Swichi ya kukata kwa mkono iliyotajwa juu iko pale kwa ajili ya siku hiyo.

Kila koili ya kontakta imefungwa dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4007, upande wenye mstari ukielekea chanya. Koili ikikatwa umeme hurudisha pigo la volti nyingi, na pigo hilo ndilo linalochoma swichi ndogo za pedali. Swichi hizo zimerekebishwa kwa kipimo cha unene: ya kwanza ifunge, ipite milimita kadhaa ya mwendo wa pedali, ndipo ya pili, kisha ya tatu. Zikikaribiana mno, mguu ukitetemeka kwenye barabara mbovu kontakta zinapigapiga, na kila kupiga ni cheche.

Kuna swali linaloulizwa mara nyingi: kwa nini tusiweke kontrola ya kisasa (kifaa cha elektroniki cha kudhibiti mota), mfano Curtis ya familia ya 1204? Inafaa kabisa kwa mota hii na inaendesha kwa ulaini. Ila gari linapoteza hatua zake tatu, na mradi huu ni wa kuonyesha jinsi lilivyofanya kazi. Anayelitaka la kwendea kazini kila siku aweke kontrola bila kujilaumu.

Juni: mota

Mota ni ya DC ya mfululizo: koili za fildi (zilizotulia) na amecha (sehemu inayozunguka) ziko kwenye mkondo mmoja. Ndiyo maana ina nguvu nyingi ikianza. Ndiyo maana pia haifai kamwe kupewa volti zote bila mzigo. Ikiwa mezani, au gari likiwa juu ya jeki, itaongeza kasi mpaka amecha ipasuke. Majaribio ya mezani ni kwa volti 12, mota imefungwa kwa kibanio, na kwa sekunde chache.

Sili ya kati ya difu na mota ilikuwa imekufa kwa umri, na oili ya difu ilikuwa imeingia kwenye vumbi la kaboni. Mchanganyiko huo hufanya utando unaopitisha umeme. Mega (kipima uvujaji wa umeme) ya volti 500 kati ya amecha na ganda ilisoma megaomu 0.2. Tukaosha kwa kisafishio cha vifaa vya umeme na brashi laini, tukakausha kwenye joto la nyuzi 80 kwa saa kadhaa, ikapanda hadi zaidi ya 20. Chini ya megaomu 1 hatufungi mota.

Komyuteta (duara la vipande vya shaba linaloguswa na brashi za kaboni) imesafishwa kwa msasa laini ukishikwa kwenye kibao bapa huku amecha ikizungushwa. Usitumie kitambaa cha emeri. Chembe zake hunasa kati ya vipande vya shaba. Kisha maika (kihami) iliyo kati ya vipande imechimbwa kwa kipande cha bleidi ya msumeno wa chuma kilichonolewa upana wa mfereji, kina kama milimita 0.8. Maika ikiwa sawa na shaba, brashi zinarukaruka na kuchoma kingo.

Brashi mpya hazifiki tu zikakaa. Zungusha msasa kwenye komyuteta, upande wa kukwaruza ukitazama nje, bana brashi kwa springi yake, zungusha amecha mbele na nyuma mpaka uso wote wa brashi uchukue duara la komyuteta. Puliza vumbi lote. Brashi inayogusa robo ya uso wake itapitisha ampea zote kwenye robo hiyo na kuungua mapema.

Julai: bodi, fremu, breki

Bodi ni plastiki ya ABS yenye rangi ndani yake, haikupakwa. Jua huifanya iwe kavu na kupasuka kuanzia kwenye riveti. Mwisho wa kila ufa toboa tundu la milimita 3 ili usiendelee. Chukua vipande vya ABS, vikwangue, viloweke kwenye asetoni usiku kucha mpaka viwe uji mzito, paka nyuma ya ufa na ulaze juu yake ukanda wa ABS wa upana wa sentimita 4. Fanya hivyo mlango ukiwa wazi na moto ukiwa mbali. Faibaglasi haishiki vizuri kwenye ABS. Viraka vya zamani vya aina hiyo vilibanduka kwa mkono.

Fremu: nyufa mbili ndogo karibu na boksi la betri, zimechomelewa na fundi wa alumini. Breki: raba zote mpya, bomba la nyuma jipya, mafuta ya DOT 3. Gari halirudishi umeme likifunga breki, kwa hiyo breki za kawaida zinabeba kazi yote.

Agosti: betri

Nane za volti 6 za aina ya T-105, zilezile zinazotumika kwenye magari ya gofu na kwenye mifumo mingi ya sola. Kila moja kilo 28, jumla kilo 224. Gari zima lina kama kilo 590, kwa hiyo zaidi ya theluthi ya uzito ni betri.

Usidanganywe na ampea-saa 225 zilizoandikwa. Hizo ni kwa kuvuta polepole saa 20. Kwa ampea 75 betri hii hudumu dakika 115, yaani kama ampea-saa 144. Mwendo wa kasi hukuibia uwezo mara mbili: gari linahitaji nguvu zaidi, na betri inatoa pungufu. Kilomita 64 zilizotangazwa enzi hizo zinawezekana kwenye tambarare na betri mpya, ukizimaliza kabisa. Sisi tunapanga kilomita 30 kwa jumla, kwenda na kurudi, ili betri zisishuke chini ya nusu.

Betri zote nane ziwe za tarehe moja ya kutengenezwa. Kwenye hatua mbili za kwanza mafungu yanafanya kazi sambamba, na fungu dhaifu linakokotwa na zima. Ukilazimika kubadilisha moja, weka inayokaribiana kwa hali na zilizobaki kwenye fungu, na usichanganye mbovu na mpya ndani ya fungu moja.

Nati zimekazwa kwa spana ya torki, Nm 11 hadi 12. Risasi hulegea ikibanwa, kwa hiyo zilikaguliwa tena baada ya safari za mwanzo, na karibu zote zilikubali kukaza kidogo. Baada ya kukaza, ndipo grisi ya betri. Kupaka kabla ni kuweka grisi mahali pa shaba.

Taa, wipa na honi zina betri yao ya volti 12. Kuna wanaochota volti 12 kwenye betri mbili kati ya nane. Hizo mbili huchoka kabla ya wenzake na fungu zima linafuata.

Kuhusu lithiamu. Mtu akibadilisha na LiFePO4 anaondoa zaidi ya kilo 100, na springi na breki zitafurahi. Tatizo ni kontakta. Mafungu mawili ya lithiamu yakitofautiana kidogo kisha yakaunganishwa sambamba, mkondo unaoruka kati yake ni mkubwa mno, kwa sababu ukinzani wa ndani ni mdogo sana. Betri za maji zinavumilia hilo. Kwa lithiamu lazima uache hatua za volti 24 na uweke kontrola, na kila fungu liwe na ulinzi wake.

Septemba: kuchaji

Soketi ya Marekani ya volti 120 na ampea 15 inaruhusu ampea 12 mfululizo, kama wati 1,440. Ukitoa hasara ya chaja unapata kama ampea 22 upande wa betri, ambayo ni kiwango cha chini cha kinachofaa T-105. Nusu ya betri inajaa kwa saa nane au tisa, maana saa za mwisho ampea hushuka. Wenye umeme wa volti 240 watafute chaja ya kwao, au transfoma ya kushusha yenye wati 2,000.

Chaja imewekwa volti 58.8 kwa kujaza na 52.8 kwa kushikilia, kwa nyuzi 25. Kila nyuzi moja ya joto juu ya hapo punguza volti 0.12 kwa mfumo mzima. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 6.37, na haidromita (kipima uzito wa tindikali) 1.277, nusu ni 6.05 na 1.172. Haidromita ndiyo shahidi: seli moja ikitofautiana na zenzake kwa 0.030, endesha chaji ya kusawazisha kwa volti 62 na upime kila saa hadi namba zikome kupanda.

Maji yaliyosafishwa huongezwa baada ya chaji. Ukijaza kabla, yatapanda kwa joto na gesi, yamwagike kwenye fremu. Isipokuwa sahani zimeonekana: hapo zifunike kidogo kwanza. Kiti huinuliwa muda wote wa kuchaji ili haidrojeni itoke, na boksi limetobolewa matundu juu pande zote mbili.

Oktoba: barabarani

Klampmita (kipima ampea cha kubana waya) inasoma ampea 75 hadi 80 kwa kilomita 50 kwa saa, tambarare, tairi zikiwa na upepo wa kutosha. Upepo ukipungua theluthi, ampea 10 zaidi zinaondoka. Ndicho kitu cha bei nafuu kuliko vyote cha kuangalia.

Baada ya safari ndefu kila kiungo kinapimwa kwa kipima joto cha bunduki kabla hakijapoa. Vyote viko ndani ya nyuzi 5 juu ya joto la boksi, isipokuwa lagi ya kontakta ya hatua ya tatu iliyofika 31 juu. Ilifunguliwa: bolti ilikuwa ndefu mno, ikagota mwisho wa tundu kabla ya kuibana lagi, ingawa spana ya torki ilisoma sawa. Bolti fupi kwa milimita 4 imewekwa, na lagi ikashuka hadi nyuzi 4.

Yaliyobaki: mpira wa kioo cha mbele, hita ya kuondoa ukungu ambayo sasa inatoa shoti ikiwashwa, na kupima milivolti za viungo vyote upya kwa ampea 100 kabla ya baridi, ili tuwe na jedwali la kulinganisha mwakani.